Mwaka Tuliopeana Migongo

Tumemzika Elinipa Ihanja, na tangu nirudi nimekuwa mtu wa kulala mchana. Siumwi. Ni uchovu tu, ule wa kukaa kutwa kwenye viti vya plastiki vya msibani na kuitikia shikamoo za watu ninaowajua kwa sura bila majina. Kwenye kundi letu la simu la waliosoma shule ile, mtu mmoja ameandika kwamba kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu na marehemu, niandike maneno machache wayasambaze. Wengine wakaweka picha za mishumaa, wengine viganja vilivyounganishwa. Nimejaribu. Niliandika "alikuwa mcheshi na mchapakazi", nikafuta, maana ndivyo tunavyowaandikia marehemu wote, hata wale waliokuwa wavivu na wenye kununa. Mwishowe nikaona kwamba mwanamke mzima, mwalimu mstaafu, niliyesahihisha madaftari ya watoto wa watu mpaka macho yakanigomea, sina deni na kundi la simu. Nitaandika mwaka mmoja tu, ule wa Kidato cha Tano, kama ulivyokuwa. Habari za ukoo wangu naziacha. Hazikuhusika, na wenyewe wanajijua.

Shule ilikuwa juu ya kilima upande wa Manyoni, mahali ambapo upepo haubishi hodi. Muhula wa kwanza haujachanganya, upepo ukaondoka na paa la darasa la sanaa mchana kweupe, watu wakiwa kwenye foleni ya chakula. Bati moja lilikutwa limekunjwa kwenye shamba la mtama chini kabisa, na mwenye shamba akakataa kulirudisha mpaka alipwe mtama wake. Mkuu wa shule aliandika kuomba bati nyingine, na wakati akisubiri akatutia wote katika chumba kimoja. Sisi wa sayansi tulitazama ubao wa mashariki. Wenzetu wa sanaa walitazama ukuta wa magharibi, ambao fundi aliupaka masizi na rangi nyeusi ukawa ubao. Migongo yetu ikakutana katikati ya chumba. Waliokaa mstari wa nyuma upande wetu walikuwa wameegemeana viti na waliokaa mstari wa nyuma upande wao, kiasi kwamba ukipiga chafya jirani yako anatikisika. Mimi nilikuwa mstari huo, kwa sababu nilikuwa mrefu na macho yangu yalikuwa bado mazuri. Nyuma yangu, mgongo kwa mgongo, alikaa Elinipa. Tulidhani ni jambo la wiki mbili. Likamaliza karibu mwaka mzima.

Walimu walifundisha kwa wakati mmoja. Upande wetu alisimama Mwalimu Joeli, mwembamba, wa hisabati na fizikia, mwenye sauti ya mtu anayezungumza na shati lake. Upande wa pili alisimama Mwalimu Saidi, ambaye kwa upungufu wa walimu alibeba historia, Kiswahili na siasa peke yake. Kabla ya ualimu alikuwa karani wa mahakama, na sauti ya kuita kesi haikumtoka. Somo la siasa lilipofika kwenye katiba, yeye alihamia mahakamani moja kwa moja, na hakuna aliyemrudisha. Kwa hiyo mkono wangu ukiandika mwendo wa jiwe lililorushwa juu, masikio yangu yalikuwa yanaambiwa kwamba mshitakiwa hana kazi ya kujisafisha, mwenye kazi ni anayeshitaki. Neno "thibitisha" nililisikia kutoka mbele na kutoka nyuma, mara nyingine ndani ya dakika ileile, na halikuwa na maana moja. Mbele lilimaanisha haiwezekani kuwa vinginevyo. Nyuma lilimaanisha mtu mwenye akili timamu hana sababu ya kuwa na shaka. Kuhusu historia, Mwalimu Saidi alikuwa na maswali yake ambayo nayakumbuka mpaka leo kuliko kanuni nyingi za fizikia: nani kaandika, alikuwa amesimama wapi, na alipata nini kwa kuandika hivyo. Nimeyatumia maisha yangu yote, hasa kwenye vikao vya walimu.

Kusikia bila kuona kuna hasara zake. Siku moja nilimsikia Mwalimu Saidi akinguruma, "Tanzania ni mchezo unaoanza kwa matumaini na kuishia kwa maafa." Nikaacha kuandika. Nyakati zile mtu hakusema maneno ya namna hiyo hadharani, tena mtumishi wa serikali. Mchana, kwenye ugali, nikamuuliza Elinipa kwa kunong'ona kama wamemchukua mwalimu wao. Alipoelewa, alicheka mpaka akapaliwa na maharage. "Tanzia, Dija! Tanzia! Mchezo wa huzuni. Hivi nyie Wanyiramba masikio mliyaacha wapi?" Nikamwambia Wanyaturu wenzake ndio waliompa mwalimu mdomo wa kutafuna maneno. Huo ndio ulikuwa utani wetu, na hatukuuacha mpaka alipougua.

Bwalo la chakula lilikuwa refu, la giza, linanuka moshi na masufuria. Asubuhi uji, mchana ugali na maharage, jioni ugali na mlenda wa kukausha, na siku chache za baraka mtu akitembelewa na ndugu kutoka Itigi tulipata asali, tukachovya ugali humo tukajiona mabwana. Nilikuwa nakaa na Elinipa makusudi, ingawa wanafunzi wa sayansi walikuwa na meza zao na walijiona. Yeye hakuwa na habari na meza. Alikula haraka, akafuta kidole, kisha akaanza kuniuliza. Mwanzoni nilidhani anauliza kwa ajili ya mazungumzo. "Yule wenu leo kasema mteremko wa mstari unaogusa. Unagusa nini?" Nikamchorea kwa maji mezani. Akatazama mpaka maji yakakauka. Kesho yake akaniuliza jingine, na la kesho lilisimama juu ya lile la jana. Ndipo nikamwuliza kwa nini hakuchukua hisabati. Akasema shule aliyotoka haikuwa na mwalimu wa hisabati tangu Kidato cha Pili. Walipewa kitabu wakaambiwa wajisomee, na kitabu chenyewe kilikuwa kimoja. Kwenye mtihani aliandika jina lake vizuri. Alipata F, akapata alama nzuri za Kiswahili na historia, akapangwa sanaa. "Sikuikataa hisabati," aliniambia. "Hatukukutanishwa." Alisema bila uchungu, akichokora maharage.

Basi ikawa Mwalimu Joeli akiuliza swali, sisi tunatazama chini, na jibu linatoka nyuma yangu. Mara ya kwanza alidhani ni mimi, akanisifu, nikaona aibu. Mara ya pili alikuja mpaka mstari wetu. "Nani kasema?" Elinipa alikuwa ameinamia daftari la historia, shingo imekakamaa. Mwalimu Saidi kule magharibi akasita, chaki mkononi, akasema, "Mwalimu Joeli, naona shahidi wako yuko upande wangu." Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo tukawa na neno letu, "kugeuza kiti". Mtu akichoka na mchepuo wake, anasema, "Nitageuza kiti." Wengi walitania. Elinipa hakutania. Kabla ya likizo ya katikati ya mwaka alikwenda kwa Mkuu wa shule akasema, "Shikamoo Mkuu, naomba kugeuza kiti." Mkuu hakujua neno hilo, ikabidi aelezwe: anaomba kuhamia hisabati kabla majina ya watahiniwa hayajapelekwa mkoani, kwa sababu majina yakishakwenda basi, hapageuki kitu.

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Naandika hivi kwa sababu kwenye kundi la simu wapo wanaomkumbuka kama shetani, na mimi baada ya miaka yangu yote shuleni namwelewa kuliko ninavyopenda. Alikuwa mtu wa jiografia, mzito, mwenye koti moja la kijivu, anayesubiri bati. Alikuja darasani siku ya pili yake, asubuhi, akaamuru wa sanaa wageuze viti wote watazame mashariki. Ndiyo siku pekee tulipotazama upande mmoja. Akamwambia Mwalimu Joeli ampe binti swali. Mwalimu Joeli hakumpa jepesi. Alimtaka atafute mteremko wa eks kwa kipeo cha pili, kuanzia mwanzo, bila kutumia njia ya mkato.

Elinipa alikwenda ubaoni na sketi yake iliyofifia pindoni. Akaanza kuandika. Nilijua tangu mstari wa kwanza kwamba kuna balaa. Hakuwahi kusoma ubao wetu hata siku moja; Mwalimu Joeli aliufuta kila kipindi kilipokwisha. Alichokuwa nacho ni vile nilivyomchorea mezani na vile alivyosikia kwa mgongo. Na Mwalimu Joeli, kama walimu wengi wa hisabati, alizungumza nusu na kuonyesha nusu: hii inakuja huku, hii inakufa na hii. Mabano hakuwahi kuyataja, kwa hiyo Elinipa hakuyajua. Mahali pa mabano aliweka koma, na mwisho wa kila hatua akaweka nukta, kama mtu aandikaye insha. Mstari wa sehemu hakuuweka, aliandika kwa herufi "gawa kwa". Kisha akafika pale ambapo sisi tunachora mshale kuonyesha hechi inaikaribia sifuri, yale maneno "tends to" ambayo mwalimu wetu alikuwa anayatamka kwa Kiingereza chake cha Singida, na yeye akayaandika kama alivyoyapokea: h tenzi tu 0.

Kicheko kilichopasuka nakisikia mpaka leo. Vijana wa sayansi walipiga meza. Hata wenzake wa sanaa walicheka, na wao ndio waliojua tenzi ni nini. Mkuu, ambaye hakuelewa chochote ubaoni, alielewa kicheko, akasema, "Binti, hayo ni maandishi gani? Tenzi?"

"Ndivyo anavyosema mwalimu, Mkuu," akajibu Elinipa. "Hechi tenzi tu ziro."

Wakacheka tena. Mwalimu Joeli peke yake hakucheka. Aliuliza kwa sauti yake ya kuongea na shati, "Na wewe ulielewa nini uliposikia hivyo?"

Akageuka kututazama. Alikuwa anatokwa jasho juu ya mdomo. "Mwalimu Saidi anatufundisha utenzi ni shairi refu, halina haraka ya kufika," alisema. "Nikafikiri hechi inaifuata sifuri hivyo. Beti kwa beti. Kila ubeti inapungua, inasogea karibu zaidi, unaweza kuongeza ubeti mwingine na mwingine. Haifiki, lakini unajua inakokwenda. Na jibu ni pale inakokwenda." Akageuka, akaandika jibu, mbili eks, akaweka nukta.

Hakuna aliyecheka. Nimefundisha jambo hilo kwa miaka mingi, kwa vitabu vya kila rangi, na sijapata kulieleza vizuri kuliko vile. Mwalimu Joeli akasema, "Jibu ni sahihi, Mkuu. Hatua zote ni sahihi. Maandishi atajifunza, ni kazi ya mwezi."

Mkuu akamtazama Mwalimu Saidi, nadhani kwa kutafuta msaada, maana ndiye aliyejua nyaraka za wizara. Mwalimu Saidi alisimama kama aliyeitwa kizimbani. "Mimi naumia pande zote," alisema. "Nikisema aende, napoteza mwanafunzi wangu wa kwanza. Nikisema hajui, nasema uongo mbele ya darasa. Lakini nimeulizwa waraka. Waraka unasema aliyepata F haingii. Hausemi isipokuwa yule anayesikia vizuri."

"Kaa ulipokuwa, binti," akasema Mkuu. Akasema taratibu, si kwa ukali. Viti vikageuzwa tena, vikakwaruza sakafu, na mgongo wake ukarudi kwenye mgongo wangu. Ulikuwa wa moto. Niliona uchungu ambao sikuwa na mahali pa kuupeleka, nikaandika kanuni za fizikia ukurasa mzima bila kuelewa neno.

Jioni hiyo ilikuwa zamu yangu kufagia mbele ya ofisi. Dirisha lilikuwa halina kioo, na Mkuu na Mwalimu Joeli walikuwa ndani. "Unafikiri sikuona?" Mkuu alikuwa anasema. "Nimeona. Hisabati siijui, lakini mtoto anayejua namjua. Jina lake likienda na cheti kile, watanirudishia orodha nzima, na wenzake wote wachelewe. Nifanyeje, Joeli? Niambie wewe." Mimi nikasimama na fagio langu. Kisha Mkuu akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa, "Nimemkataza kugeuka. Kusikia sijamkataza." Kwenye chakula nililia mimi. Elinipa hakulia. Alisema, "Dija, leo mlenda una mchanga," akaula wote.

Kesho yake Mwalimu Joeli aliingia, akaandika tarehe, na akasoma tarehe kwa sauti. Tukadhani anaumwa. Akaandika mstari wa kwanza huku akiutaja wote: "Fungua mabano. Eks jumlisha hechi. Funga mabano. Juu yake, pembeni, mbili ndogo. Chini ya vyote, mstari mrefu wa kulala. Chini ya mstari, hechi." Vijana wa mbele wakatazamana. Alikuwa hasemi tena "hii", hasemi "hapa". Alipochora mshale alisema, "Mshale, unatazama kulia, kichwa kwenye sifuri; ndiyo tenzi." Hakugeuza uso kutazama nyuma hata mara moja. Nikasikia nyuma yangu penseli ikianza kukimbia. Ikawa hivyo kila kipindi mpaka mwisho wa mwaka, na somo likawa refu na la kuchosha, wengine wakalalamika kwamba mwalimu anatufanya vipofu. Nilijua tulikuwa tunashuhudia nini, ingawa sikuwa na jina lake.

Sitaki kudanganya kwamba maisha ya Elinipa yaliharibika. Mtihani alifanya wa sanaa, akafaulu, akasoma sheria, akawa hakimu wa mahakama ya mwanzo, na watu wa Ikungi wanamsifu. Msibani mzee mmoja alitusimulia jinsi alivyokuwa haruhusu shahidi kunyoosha kidole. "Ukisema 'alinipiga hapa', anakukatiza. 'Hapa ni wapi, baba? Taja. Anayeandika hakuoni.'" Wazee wakacheka, mimi nikainuka nikaenda kunawa uso. Na mimi niliyepewa kile kiti alichokitaka, nimekitumia kufundisha watoto ambao wengi wao hawakukitaka, katika madarasa yaliyojaa kupita kiasi, nikitaja mabano kwa sauti mpaka koo likauma. Waliniita Bibi Mabano. Walidhani ni uzee. Mara nyingi nilikuwa naingia darasani nimechoka, najiuliza kama yeye angekuwa mahali pangu wangeelewa zaidi. Nadhani wangeelewa zaidi. Hilo halinipi usingizi wala halininyimi, liko tu.

Bati zilifika mwishoni mwa mwaka, majina yakiwa yameshakwenda mkoani. Mafundi waliezeka haraka, na asubuhi moja wa sanaa walibeba viti vyao vichwani wakahamia chumba cha jirani. Elinipa alinipiga kofi jepesi begani akapita. Chumba kikawa kikubwa, cha baridi, nyuma yangu pako wazi. Mwalimu Joeli akaingia, akatazama ile nafasi, akachukua chaki. Nilidhani sasa ataacha. Ukuta kati yetu na wao haukufika juu, na dari hazikuwapo katika shule yetu, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na jirani Mwalimu Saidi alikuwa tayari ananguruma historia. Mwalimu Joeli akaandika alama ya kwanza. Kisha mtu yule, ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti hata kwa mtukutu wa darasa, akajaza kifua na kuita kwa nguvu, "Fungua mabano!"

Ng'ambo ya ukuta, katikati ya sentensi, Mwalimu Saidi akanyamaza.